MAREHEMU WA AGOSTI 7 WAMEGEUZWA RUNGU!

Kijana mwenzangu wa Izia, nikikuuliza Nane Nane ni nini utanijibu kabla sijameza mate. Utanitajia viwanja vya John Mwakangale kule Mbeya, mabasi yanavyofurika, na vigogo wenye suti wanaokuja kuonja asali ya wakulima huku wanapigwa picha. Haya, sasa niambie Saba Nane ni nini. Kimya! Wala sikulaumu. Mimi mwenyewe mwaka 1998 nilikuwa sijazaliwa, na sikumbuki mwalimu aliyenifundisha.

Ijumaa, Agosti 7, 1998, saa nne na nusu asubuhi na dakika zake, lori lenye bomu lilifika lango la Ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam. Boza la maji lilikuwa limetangulia langoni likaziba njia, na lori likalipuka pale pale nje. Watu 11 wakafa, 85 wakajeruhiwa. Asubuhi hiyo hiyo Nairobi lori jingine liliua watu 213. Sasa sikiliza vizuri: katika wale 11 wa Dar, Mmarekani hakuwamo hata mmoja! Bomu la kuwapiga Wamarekani liliua walinzi wa lango na wengine waliokuwa jirani.

Walinzi, ndugu yangu. Unawajua hao. Ni kaka yako aliyemaliza kidato cha nne, akakosa pa kushika, akapanda basi kwenda Dar, zaidi ya kilometa elfu moja, akaishia kupewa sare na kirungu alinde mlango wa bwana mkubwa. Mlango ukilipuliwa, wa kwanza kufa ni yeye.

Na asikudanganye mtu kwamba sisi wapinzani tunatetea magaidi. Waliofanya unyama ule ni Al-Qaeda, kundi la Osama bin Laden, na lilikuwa na mikono hapa hapa nyumbani. Wazanzibari wawili, Khalfan Khamis Mohamed mwaka 2001 na Ahmed Khalfan Ghailani mwaka 2011, walihukumiwa kifungo cha maisha kule New York. Wafie huko huko. Ugomvi wangu hauko kwao. Ugomvi wangu ni huu: marehemu wetu walifanyiwa nini baada ya mazishi?

Walipangiwa bei! Mwaka 2020 Sudan, iliyowahi kumhifadhi Osama, ilikubali kutoa dola milioni 335 ili itolewe kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Mgawo ukatangazwa. Familia ya Mmarekani aliyeuawa, dola milioni 10. Familia ya mfanyakazi wa ubalozi asiye Mmarekani, dola 800,000. Piga hesabu mwenyewe, Mmarekani mmoja ni sawa na Waafrika kumi na wawili na nusu. Na mpita njia ambaye hakuwa na uraia wa Marekani wala ajira ya ubalozi? Hakuwamo kwenye hesabu. Bunge la Marekani likaongeza dola milioni 150, lakini za wale waliokuja kupata uraia wa huko. Yaani jeraha ni lile lile, ukipata pasipoti linapanda thamani!

Serikali yetu ilipiga kelele gani? Niambie wewe uliyeisikia, kwani masikio yangu hayakubahatika. Waheshimiwa wanaojua kutuma ving'ora na mabomu ya machozi kwa vijana wa mkutano wa hadhara walipatwa na kigugumizi mbele ya mgawo wa namna ile.

Lakini kutunga sheria hawakupata kigugumizi. Mwaka 2002, chini ya Rais Benjamin Mkapa, Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Tukaambiwa ni kwa ajili ya usalama wetu, yasijirudie ya Agosti 7. Sasa tazama imemshika nani. Mwaka 2013 ilimshika Wilfred Lwakatare wa Chadema, Mahakama Kuu ikayafuta mashitaka ya ugaidi. Iliwashika masheikh wa Uamsho wa Zanzibar, wakasota rumande miaka na miaka mpaka Juni 2021 mashitaka yalipoondolewa. Mwezi uliofuata, Julai 2021, ikamshika Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, aliyekuwa Mwanza kwa kongamano la Katiba Mpya. Kosa lisilo na dhamana! Akakaa ndani hadi Machi 4, 2022, siku ambayo Mkurugenzi wa Mashitaka alisema hana nia ya kuendelea. Miezi zaidi ya saba ya uhai wa mtu, halafu hana nia!

Oktoba 2020 magaidi wa kweli walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaua watu kijijini Kitaya, Mtwara. Hawakuwa wanadai Katiba.

Sisi wa Ufipa hatuhitaji profesa wa kutueleza mchezo huu. Mji wetu wenyewe jina lake linatuamuru tutupe uchawi. Umeona bibi mwenye macho mekundu anavyoitwa mchawi, na kesho yake mtu anamendea shamba lake. Ushahidi wa nini? Neno limeshatosha. Neno "gaidi" sasa linafanya kazi hiyo hiyo, ila linatamkwa na watu wenye nyota mabegani.

Ndiyo maana nakwambia wewe uliyekaa kijiweni na bodaboda yako ukisema hayo ni mambo ya Dar. Leo ukidai ushuru wa mahindi upunguzwe, ukaitisha wenzako kumi pale stendi, ni nani atakayekukinga na neno hilo?

Mbunge wako atakuja Izia kuomba kura, na kofia atagawa. Pokea kofia, jua letu kali. Halafu muulize mbele ya watu: wale 11 wa Agosti 7, anaweza kututajia jina la hata mmoja?