Neno la Mhariri: Tunajuaje?

Toleo hili limezaliwa na ubishi. Tuliwaomba walimu wa historia wa Gitega na Muyinga watuandikie kuhusu maonyesho ya shule, yale ambayo wanafunzi hugeuza madarasa kuwa ikulu, gati, mahakama au kambi, na mgeni akapita ndani yake badala ya kusimama mbele ya picha ukutani. Nilitarajia maswali ya fedha na vifaa. Karibu kila makala iliyofika inauliza jambo jingine: tuishie wapi? Na jibu linalorudiwa mno ni lile ninalolikataa: tuishie kwa Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo na ngoma, turuke hadi bendera ya uhuru ya tarehe 1 Julai 1962, na yaliyobaki yasubiri mpaka historia iandikwe.

Kusubiri huku kuna chimbuko. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka historia ya Burundi iandikwe upya ili Warundi wote waielewe kwa namna moja. Naiheshimu nia ya waliotia saini. Walikuwa wakitafuta njia ya kutoka vitani. Lakini shule haiwezi kusimamisha masomo mpaka nchi nzima ikubaliane. Robo karne imepita. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, imekuwa ikifukua makaburi ya halaiki, na mapema mwaka 2020 ilitangaza kwamba imepata Karusi mabaki ya watu zaidi ya elfu sita. Mwanafunzi aliyesikia habari hiyo redioni anakuja nayo shuleni asubuhi, na ni haki yake kupata mahali pa kuiuliza.

Msimamo wangu ni huu: darasa halihitaji kuielewa historia kwa namna moja. Linahitaji kuikagua kwa namna moja. Kila kitu kitakachowekwa kwenye maonyesho kiandikiwe majibu ya maswali matatu: ni nini, nani anasema hivyo, na tunajuaje. Bila jibu la tatu, kitu hicho kisiingie.

Chukueni Mkataba wa Kiganda wa tarehe 6 Juni 1903. Kishawishi ni kumketisha mwanafunzi mmoja kama Mwezi Gisabo, kumsimamisha mwingine mbele yake kama Kapteni von Beringe wa Ujerumani, na kupiga wimbo wa huzuni. Chumba hicho kitawagusa wazazi na hakitamfundisha mtu. Chumba ninachokitaka kinaanza na sharti moja la mkataba: faini ya ng'ombe 424. Nani aliwahesabu? Hesabu hiyo ni ya karatasi za washindi. Upande wa Mwami ulihifadhi mambo yake kwa masimulizi. Basi sauti zote mbili ziwekwe ukutani, na chini ya kila moja chanzo chake. Kisha mgeni aulizwe kwa nini Wajerumani waliwatambua Maconco na Kilima, waasi dhidi ya Mwami, halafu baada ya muda mfupi wakageuka kumuunga mkono Mwami mwenyewe.

Na tusibaki mwaka 1903. Mwanamfalme Rwagasore alizaliwa Gitega mwaka 1932, akauawa Usumbura (Bujumbura ya leo) akiwa waziri mkuu tarehe 13 Oktoba 1961. Kageorgis, aliyefyatua risasi, aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Januari 1963 watu wengine watano walinyongwa hadharani Gitega kwa kesi hiyo hiyo. Kwa nini wa kwanza aliwahiwa kabla bendera ya Ubelgiji haijashuka, na wengine wakahukumiwa upya na dola mpya? Swali hilo peke yake linatosha chumba kizima. Ntare wa Tano, mfalme aliyepinduliwa, naye alirejea kutoka Uganda mwishoni mwa Machi 1972, akazuiliwa Gitega, akauawa usiku wa tarehe 29 Aprili. Serikali ya Rais Micombero ilitangaza kwamba alikufa pale watu walipojaribu kumkomboa. Wengine walisema, na wanasema hadi leo, kwamba aliuawa kwa amri. Wanafunzi hawataimaliza kesi hiyo. Wanaweza kuziweka kauli hizo bega kwa bega na kuuliza kila moja ilitolewa lini, na nani, na ilimfaa nani.

Najua nitajibiwa kwamba maonyesho ya namna hii yanataka hisia, na kwamba mtoto hukumbuka alichokihisi. Ni kweli, na ndiyo maana naogopa. Mkunazini, Zanzibar, wageni huingizwa katika vyumba vya chini na kuambiwa watumwa walifungiwa humo. Wengi hutoka wakilia. Wanahistoria wameeleza kwamba jengo lile lilijengwa na wamisionari baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873. Utumwa ulikuwepo, mateso yalikuwepo, soko lilikuwepo hapo hapo. Lakini mgeni akigundua kwamba machozi yake yalielekezwa kwenye ukuta usiohusika, ataanza kuutilia shaka hata ukweli wenyewe. Katika nchi ambayo kila familia ina wafu wake, hatuna ruhusa ya kucheza na shaka hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo napinga, bila kuacha mlango wazi, pendekezo la makala mojawapo kwamba wanafunzi waigize mauaji. Mtoto asipewe panga la mbao awe muuaji; jirani yake wa dawati asilale chini awe maiti. Hatujui nani nyumbani kwao alikuwa nani. Kibimba, hapo hapo mkoani Gitega, wanafunzi walichomwa moto Oktoba 1993 baada ya habari za kuuawa kwa Rais Ndadaye, na mnara wa kumbukumbu uko kando ya barabara. Wanafunzi waende pale, wasome, wanyamaze, warudi na maswali. Waulize pia kuhusu Kamati ya Amani ya Kibimba iliyoanza mwaka 1994, Wahutu na Watutsi wakikutana upya mahali pale pale. Hiyo nayo ni historia, na haina haja ya damu ya rangi.

Muyinga inanipa hoja yangu ya pili. Mji ule wa biashara, karibu na mpaka wa Kobero, umekijua Kiswahili kwa vizazi, na leo madarasa yake yana watoto waliozaliwa katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, Tanzania, wakarudi na wazazi wao tangu mwaka 2017. Kadi ya chakula ya kambini ni hati ya historia kama mkataba wowote. Maelezo ya maonyesho yaandikwe kwa Kirundi na Kiswahili, na watoto hao wawe waandishi wake, maana wanayajua mambo ambayo mwalimu wao hayajui.

Makala nyingine zinajitosheleza. Ile ya Gishora inaonyesha jinsi ya kuipokea ngoma, iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, bila kuifanya pambo. Ile ya maktaba ya Muyinga, iliyojengwa mwaka 2012 kwa matofali ya udongo kwa ajili ya shule ya watoto viziwi, inatukumbusha kwamba maonyesho yanayotegemea msimulizi peke yake yamewafungia baadhi ya wanafunzi nje. Makala ya Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyofunguliwa mwaka 1955, isomwe na kila mwalimu aliye karibu nayo.

Ninachowaomba wasomaji ni kuanza muhula ujao na chumba kimoja, tukio moja, na vyanzo viwili vinavyopingana. Mzazi atakuja na hasira aulize nani kawaruhusu kusema haya. Mwalimu amwonyeshe chanzo kilichotumika, kisha nafasi iliyoachwa pembeni yake kwa ajili ya ushahidi wa mzazi huyo, na amwombe aandike.