MWENYE NYUMBA ASIWE MPANGAJI NYUMBANI MWAKE

Wananchi wenzetu wa Kisii na Nyamira,

Mwezi wa Desemba mwaka 1991 Kifungu cha 2A kiliondolewa katika Katiba ya nchi yetu, na utawala wa chama kimoja ukafikia kikomo chake kisheria. Haukuondoka kwa hisani ya mtu. Uliondoka kwa sababu viongozi wa makanisa walinena mimbarini, mawakili walinena mahakamani, na watu kama hayati George Anyona, aliyekuja kuwa Mbunge wa Kitutu Masaba, walivumilia gereza. Somo tulilolipata ni hili: asiyeweza kuondolewa kwa kura hafai kuwa mtunga sheria, mweka hazina na hakimu kwa wakati mmoja. Leo twauliza: mbona somo hilo limeishia kwenye lango la mitaa yetu ya makazi?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 957 kwa kila kilomita ya mraba katika Kisii, na 675 katika Nyamira. Shamba alilowagawia babu wanawe watatu haligawiki tena kwa wajukuu tisa. Ndiyo sababu mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara wa Daraja Mbili siku hizi huweka akiba anunue nyumba ya ghorofa, au ploti ndani ya ua wenye lango moja, kisima kimoja na bawabu mmoja. Mzee wa zamani aliyekuwa na nyumba alikuwa na udongo chini yake. Mnunuzi wa ghorofa ya tatu hana udongo, ana karatasi. Usalama wake wote umo katika karatasi hiyo.

Tumewahi kuketi na mjane mmoja, mwalimu mstaafu, aliyelipa bei ya nyumba yake hadi senti ya mwisho. Alikabidhiwa mkataba wa kukodi wa miaka mingi na hisa moja katika kampuni ya usimamizi. Hati mama ya ardhi ilibaki kwa aliyejenga, pamoja na hisa zenye uzito wa kura. Ada ya huduma ilipoongezwa maradufu, aliomba kuonyeshwa hesabu. Hakuonyeshwa. Aliposema hatalipa nyongeza kabla ya kuziona, maji yake yalikatwa. Hakuitwa kujitetea. Aliyemtoza ndiye aliyemhukumu, na ndiye aliyefunga bomba. Wapangaji wa jirani waliendelea kuoga. Mwenye nyumba akapanda ngazi na ndoo.

Je, hakuna sheria? Ipo. Sheria ya umiliki wa nyumba ndani ya majengo ya pamoja, Na. 21 ya mwaka 2020, ilianza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo na kuchukua nafasi ya ile ya 1987. Yampa kila mwenye nyumba hati yake mwenyewe. Ramani ya jengo ikisajiliwa, wamiliki wote huwa wanachama wa shirika moja linalosimamia ngazi, paa na njia, na pawepo kamati ya kusuluhisha ugomvi wao. Mikataba ya zamani ilipewa miaka miwili igeuzwe. Muda huo uliisha Desemba 2022. Aliyejenga akikataa kutoa hati mama, Msajili wa Ardhi huweka kizuizi juu yake. Lakini kizuizi peke yake humzuia tajiri kuuza. Hakimpi mjane kura.

Liko pengo jingine. Sheria hiyo yahusu majengo yaliyogawanywa. Haikutungiwa mtaa ambamo kila jirani ana ploti na hati yake, ila barabara na kisima ni vya wote. Huko wakazi husajili chama au kampuni. Ibara ya 36 ya Katiba ya 2010 yakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Hata hivyo asiyejiunga hupita barabara ile ile na kulindwa na bawabu yule yule. Alipe nini, na kwa idhini ya nani? Pasipo sheria iliyo wazi, jibu hutolewa na mwenye ufunguo wa lango.

Hatusemi ada zisilipwe. Bawabu ana watoto, na pampu hainywi maji, hunywa umeme. Anayekwepa ada huwaibia jirani zake. Lakini anayelipa ana haki ya kujua, na anayehukumiwa ana haki ya kusikizwa.

Kwa hiyo twadai mageuzi manne. Kwanza, Bunge liweke muda mpya wa kugeuza mikataba ya zamani, pamoja na adhabu kwa aliyejenga akificha hati mama. Pili, hesabu zilizokaguliwa zisomwe kila mwaka mbele ya wamiliki wote. Tatu, mtu asikatiwe maji wala kufungiwa lango kwa sababu ya deni; deni lidaiwe mahakamani kama deni lolote. Nne, mitaa ya ploti zenye hati mbalimbali itungiwe sheria yake, itakayotenganisha malipo ya huduma na uanachama wa chama.

Tusidhani jambo hili ni dogo. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, chama cha wenye nyumba chaweza kusababisha nyumba ya mtu kuuzwa kwa deni la ada. Mwaka 2011 wabunge wa Texas walilazimika kutunga sheria ili chama kipate kwanza amri ya mahakama. Tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta.

Kwa waumini, twakumbusha habari za mabinti wa Selofehadi katika Kitabu cha Hesabu. Hawakunung'unika pembeni. Walisimama mbele ya Musa na mkutano wote, wakaeleza dhuluma iliyokuwamo katika desturi ya urithi, na sheria ikabadilishwa. Ibara ya 119 yatupa haki iyo hiyo ya kupeleka ombi Bungeni.

Basi kila mwenye nyumba atoe mkataba wake sandukuni na kuusoma. Makanisa yafungue milango baada ya ibada, mikataba hiyo isomwe pamoja na ombi litiwe sahihi, kuanzia Suneka hadi Nyansiongo. Kura tuliyoipigania ya kuchagua Rais haina budi kufika hadi kisimani.