Ubishi wa Watakatifu Uanzie Namugongo

Msibani hapa Buswelu, wanajumuiya wakianza Rozari, baadhi ya majirani hunyanyuka na kwenda kukaa kando. Hawakosi adabu. Wanaamini kwamba kumwomba mtu aliyekwisha kufa, hata akiwa mama yake Yesu, ni kumpokonya Kristo nafasi yake. Waliobaki wakisali nao huwatazama kama watu waliomtukana mama yao. Ndiyo sababu ya toleo hili.

Mimi ni Mkatoliki, basi nianze na wenzangu. Hoja ya majirani ina mizizi: Timotheo wa Kwanza 2:5 inamtaja mpatanishi mmoja tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, namba 60, unaanzia kwenye aya hiyohiyo kabla ya kueleza umama wa Maria kwetu. Ni wangapi kati yetu wamefundishwa hivyo? Muumini anayedhani Maria ana huruma kuliko Mwanawe amepotoka, na aambiwe.

Kwa majirani nasema hivi: kelele za "wanaabudu sanamu" hazitufikishi popote, tena zinaficha kwamba ninyi wenyewe hamsemi jambo moja. Walutheri, katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ibara ya 21, wanakubali watakatifu wakumbukwe ili imani yetu itiwe nguvu, ila wasiombwe. Msabato anakwenda mbali zaidi. Kwake wafu wamelala hadi ufufuo, na Mhubiri 9:5 ni shahidi wake. Maria hasikii chochote. Hizo ni hoja mbili, na kila moja inastahili jibu lake.

Ziwa letu la Viktoria nalo lina ushahidi wake katika ubishi huu. Mapadre wa White Fathers walioondoka Buganda mwaka 1882 walikuja kukaa Bukumbi, kusini mwa Mwanza, wakarejea Buganda mwaka 1885. Tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja huko Namugongo, Buganda, kwa ajili ya imani yao. Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 wa Kikatoliki kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Hadi leo, kila Juni 3, makanisa yote mawili hukusanyika Namugongo. Mwanglikana anamshukuru Mungu kwa ajili yao. Mkatoliki anashukuru vilevile, kisha anawaomba wamwombee.

Tunagawanyika hapo tu, lakini ni mahali penye kina. Mtoto wangu akiugua, nikamsihi jirani mlokole amwombee, hakuna atakayesema nimemsukuma Kristo pembeni. Kumbe kinachobishaniwa ni kifo: je, kinaweza kumnyamazisha aliye ndani ya Kristo? Nasema hakiwezi, na Warumi 8:38-39 ndiyo nguzo yangu. Mprotestanti atanijibu kwamba kutotengwa na upendo wa Mungu hakuthibitishi kwamba wafu wanatusikia. Hilo ni jibu zito, na sitalipuuza.

Kurasa zifuatazo zina makala za Mkatoliki, Mlutheri na Msabato. Msomaji, anza na ile usiyokubaliana nayo, uimalize, kisha utuandikie.