KONA YA MWALIMU: Mzigo wa China unaanzia kwenye daftari

Wengi mmeniuliza: kwenye mafunzo ya biashara ya likizo kubwa, kwa nini vijana walifundishwa mambo ya China wakati hata kutoka kambini kunataka kibali? Jibu ni fupi. Kandambili, betri, sahani, hata vitenge tunavyonunua hapa, vingi vimetoka huko. Anayejua bei inavyotengenezwa hadanganywi kirahisi.

Tulianza na ramani. Mji wa Yiwu una soko la jumla lenye vibanda zaidi ya 70,000. Guangzhou kuna maonyesho ya biashara yaliyoanza mwaka 1957, na hufanyika mara mbili kwa mwaka.

Halafu tukapiga hesabu ya mfano. Kandambili jozi 200, dola 1 kila jozi, ni dola 200. Wengi wanaishia hapo, wanaona faida tayari. Ongeza meli na bandari 60, ushuru na kodi 90, gari mpaka huku 40, gharama ya kutuma pesa 10. Jumla 400. Kumbe jozi moja imefika kwa dola 2! Ukiiuza 1.80 umepata hasara, hata kama zote zimeisha.

Muda nao ni pesa. Mzigo wa meli huchukua wiki nyingi, na wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, mwezi wa kwanza au wa pili, viwanda vingi hufungwa. Pesa ya kukopa haikusubiri.

Sasa sikieni hili, wamama wa vikundi vya akiba hasa. Akija mtu na picha kwenye simu, anasema changeni awaagizie mzigo, muulizeni: Sampuli iko wapi? Bei hii inaishia kiwandani au mpaka hapa? Risiti ataandika nani? Mzigo ukipotea nani analipa? Akikasirika kwa maswali, rudisheni pesa kwenye sanduku.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ni afadhali kununua kwa muuzaji wa jumla wa mjini aliyekwisha kulipa ushuru. Faida ni ndogo, lakini mali unaishika kwa mkono kabla ya kulipa.

Kijana wako akirudi na daftari lake, mwambie akufanyie hesabu ya sabuni mnayouza. Mtaona wenyewe. Tuonane mwezi ujao.