Gesi ya Friji Haiishi, Huvuja

Mama anayeuza barafu za ukwaju kule Temeke huanza kuhesabu hasara siku ileile friji yake inapoanza kusuasua. Barafu hazigandi, na samaki aliyenunuliwa Feri alfajiri ananuka kabla ya jioni. Fundi huitwa. Huweka sikio nyuma ya friji, hugonga bomba mara mbili, kisha hutoa hukumu: "Gesi imekwisha." Fedha zilizowekwa kwa ajili ya sare za shule hutoka, friji hupoza majuma matatu, na hukumu husomwa upya.

Gesi ya friji si petroli wala mkaa. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa huibana hata ikawa moto. Hutoa joto lake katika wavu mweusi ulio nyuma na kugeuka kimiminika. Kisha hupenya bomba jembamba na kuchemka ndani ya kabati, ikifyonza joto la vyakula. Gesi ileile yaweza kufanya kazi hiyo miaka 20. Ikipungua, pana tundu, na anayeijaza bila kulitafuta tundu hilo anatia maji katika mtungi wenye ufa.

Kwa hiyo chunguza kwanza mwenyewe. Katika vyumba vyetu vya kupanga, Kinondoni kama Temeke, friji husukumwa hadi ikagusa ukuta, na juu yake hurundikwa nguo. Joto litoke wapi? Ivute mbele kiasi cha kiganja, chomoa waya, pangusa vumbi la wavuni. Bana noti kwenye mlango. Ikichomoka bila kukazana, mpira umechoka. Barafu ikizidi unene wa nusu sentimita, izime friji iyeyuke. Usiichokoe kwa kisu, maana hapo ndipo wengi hutoboa bomba na gesi ikaondoka kweli.

Sikiliza pia. Kompresa ikinguruma sekunde chache, ikalia "tak" na kunyamaza, tena na tena, shuku umeme mdogo au swichi ya kuiwashia. Umeme ukikatika na kurudi, ngoja dakika 5 kabla ya kuiwasha, ili mgandamizo wa mabombani ushuke.

Mabaharia wenye boti ambazo kompresa ya jokofu huzungushwa kwa mkanda wa injini hufuata utaratibu kama huo: hutazama mkanda kama umelegea, kisha kama maji ya bahari ya kupoozea yanapita. Gesi huja mwisho.

Lakini kompresa ikifanya kazi bila kupumzika, na ukungu wa barafu ukashika pembe moja tu ya sehemu ya kugandishia, shaka ya gesi ina haki. Mwulize fundi: "Panavuja wapi?" Akuonyeshe doa la mafuta au povu la sabuni linalotutuma. Aizibe, abadilishe chujio, anyonye hewa kwa pampu, ndipo ajaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha friji.

Kibandiko hicho usome nawe. Kikisema R600a, gesi hiyo huwaka moto. Kazi ifanyike uani, mbali na jiko la mkaa na sigara, na bomba lisichomelewe kabla gesi yote haijatolewa.