Uwanja wa mpira nao ni shamba: nani atauza mchanga na ukoka?

Mei 25, 2025 Simba ilikuwa iikaribishe RS Berkane ya Morocco katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke. Mechi ikahamishiwa New Amaan, Zanzibar, baada ya eneo la kuchezea kuharibiwa na mvua. Uwanja wa watu 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007, ulikosa fainali kwa ajili ya nyasi na maji. Biashara ya siku hiyo nayo ikavuka bahari.

Kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Wazo, Tegeta na Bunju, ambako Simba ilifungua viwanja vyake vya mazoezi mwaka 2019, hapo pana hesabu ya kupigwa. Uwanja wa kimataifa una mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Utaratibu unaotumika sana nje ni kutandaza kokoto sentimita 10, kisha mchanga sentimita 30. Hizo ni mita za ujazo 714 za kokoto na 2,142 za mchanga. Kwa lori la mita za ujazo 7, ni tripu 102 za kokoto na 306 za mchanga, kabla ya kushindiliwa. Uwanja wa shule hauhitaji gharama hiyo. Ukiinuliwa kidogo katikati na kuchimbiwa mitaro pembeni, maji ya masika huondoka. Tatizo ni kwamba wengi huanza na nyasi, mtaro wanaukumbuka Aprili.

Mkulima naye ana nafasi yake. Aina bora za ukoka hazitoi mbegu zinazoota, hivyo hupandwa kwa vipandikizi. Kwa nafasi ya sentimita 20 kila upande, uwanja mmoja unameza vipandikizi 178,500. Hata hivyo, kitalu chenye ndago hakina mnunuzi, kwani ndago ikishaingia uwanjani kuing'oa ni kazi ya miaka.

Maji ndiyo yanayotisha zaidi. Kiangazi, milimita 5 kwa siku ni lita 35,700, karibu maboza manne ya lita 10,000. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, kwa hiyo maji yapimwe kabla ya kupanda.

Mchanga wenye udongo mwingi huziba na kutuamisha maji. Muuzaji anaweza kuutia kwenye chupa ya maji, akatikisa na kuuacha utulie. Tabaka nene la tope juu ni dalili mbaya. Kuchimba mitoni, Mpiji ikiwamo, bila kibali ni kosa, na kingo zikimomonyoka nyumba za jirani hufuata.

Jambo jingine ni kipimo. Mtaani mchanga huuzwa kwa tripu, lakini mkandarasi hulipa kwa mita za ujazo. Muuzaji asiyelipima bodi la lori lake kwa futi kabla ya kukubaliana bei ndiye atakayedai nyongeza kazi ikiwa imeshakwisha.