Giza la Fundi Si Pambo la Mpiga Picha

Imekuwa ada kwa wapiga picha, wa Bara Hindi na wa nchi za mbali, kumiminika Kumartuli kila inapokaribia sherehe ya Durga Puja. Mtaa huo wa wafinyanzi uko kaskazini mwa jiji la Kolkata, karibu na mto Hooghly, na humo ndimo zinamofinyangwa sanamu za Durga, mungu wa kike wa Wahindu mwenye mikono kumi, akiwa juu ya simba na jini-nyati chini yake. Wanaporudi makwao huwa na picha zile zile: mzee kifua wazi, mwale mmoja wa mwanga, uso wa udongo usiotiwa macho bado, na nyuma yake kiza. Chini ya picha huandikwa jina la aliyeipiga. Aliyefinyanga huitwa "fundi", basi.

Mtindo huu husifiwa kuwa ni sanaa. Ukweli ni kwamba ni dhuluma, na ubaya wake hauonekani mpaka kazi yenyewe ieleweke.

Fundi huanza kwa kufunga kiunzi cha mianzi. Huviringa majani makavu ya mpunga na kuyakaza kwa kamba hata yapate umbo la kiwiliwili, kisha huyakandika udongo tabaka kwa tabaka. Udongo ukikauka hupasuka, na nyufa huzibwa kwa vitambaa vilivyochovywa katika udongo mwepesi. Hufuata rangi nyeupe, rangi nyinginezo, nywele, mavazi na mapambo. Macho huchorwa mwisho, na kwa mapokeo huchorwa siku ya Mahalaya, takriban wiki moja kabla ya kilele cha sherehe. Siku za ibada zikitimia, sanamu huchukuliwa mtoni ikazamishwa, na kazi ya miezi ikarudi kuwa tope.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Seremala wa mlango wa nakshi huweza kufa na mlango wake ukasimama karne nzima ukimshuhudia. Mfinyanzi wa Kumartuli hana shahidi wa namna hiyo. Mto ukishachukua chake, kinachosalia ni picha tu. Anayeipiga picha hiyo bila ya kuuliza jina ameuficha ushahidi wa mwisho wa kazi ya mwenziwe, na akajiwekea sifa yake.

Ama kuhusu hilo giza linaloshangiliwa, nalo lina sababu zake. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika wakati wa mvua za monsuni, zinazoletwa na pepo zile zile ambazo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaziita kusi. Udongo mbichi hauistahimili mvua, kwa hivyo karakana hufunikwa kwa maturubai na plastiki. Vichochoro ni vyembamba, na sanamu zimesongamana hadi mlangoni. Fundi hupambana na kiza hicho kwa balbu yake moja. Mpiga picha huikwepa balbu ili kiza kizidi. Ufinyu wa mahali pa kazi unageuzwa kuwa uzuri, na anayetaabika ndani yake anakuwa sehemu ya pambo.

Watetezi wa mtindo huu husema kuwa picha zimeutangaza mtaa. Ni kweli kwamba mwaka 2021 UNESCO iliiingiza Durga Puja ya Kolkata katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na sifa zimeenea. Lakini sifa iliyoenea ni ya mtaa na ya sherehe. Mteja hawezi kumwagizia kazi mtu asiyemjua jina.

Husema pia kuwa fundi wa ibada hatafuti jina. Nani aliyewaambia? Juu ya milango mingi ya karakana za Kumartuli vimetundikwa vibao vyenye majina ya wenyewe, wengi wao wa ukoo wa Pal. Na kama fundi amechagua unyenyekevu, huo ni wake yeye. Mbona mpiga picha hauigi?

Huenda msomaji wa visiwani, ambaye dini yake haikubali masanamu, akauliza haya yanamhusu nini. Haki ya mfanyakazi haipimwi kwa itikadi ya anayemtazama. Na wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili kuliko wengi: watungaji wengi wa tenzi walilitia jina lao katika beti za mwisho, kwa sababu walijua kuwa kazi isiyo na jina ni rahisi kuporwa.

Kinachodaiwa si kuwafungia wapiga picha mlango. Kinachodaiwa ni kubisha hodi kabla ya kuingia, kukubali fundi akisema kuwa uso usio macho usipigwe, kutoziba kichochoro cha wapagazi kwa miguu mitatu ya kamera, kumlipa fundi muda wake, kumrejeshea nakala, na kuliandika jina lake pamoja na la mpiga picha, kwa herufi za ukubwa mmoja. Asiyeweza hayo na aiache kamera mfukoni, ajifunze kwanza kutazama.